Fedha za Chini ya Meza: Mpira wa Vyuo vya Marekani na Mchezaji Asiyeajiriwa

Tangu Julai 1, 2021, mchezaji wa chuo kikuu nchini Marekani anaruhusiwa kulipwa kwa kutangaza viatu, mgahawa au duka la magari bila kufukuzwa kwenye timu. Katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ruhusa hiyo ilibadili usajili ndani ya miezi michache. Vijana wa sekondari wakaanza kuchagua chuo huku mwanasheria akiwa pembeni, wachezaji wakahama msimu hadi msimu, na makocha waliozoea kulipwa mamilioni wakalalamika hadharani kwamba fedha zimeuharibu mchezo. Lawama nyingi zimeangukia Mahakama ya Juu, ambayo siku 10 kabla ya ruhusa hiyo ilikuwa imekibwaga chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo, NCAA. Maelezo hayo yanaanza hadithi mwishoni. Fedha zilikuwamo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mkataba. Katikati ya karne ya 20 vyuo viliamua kwamba mchezaji hatakuwa mfanyakazi, na uamuzi huo uliokusudiwa kuokoa gharama ndio ulioviacha leo vikihangaika kutafuta kanuni ya malipo inayoweza kusimama mbele ya jaji.

Reli, sigara na vifo, 1852–1929

Mashindano ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani yalikuwa ya makasia. Mwaka 1852 vijana wa Harvard na Yale walishindana katika ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, kwa gharama ya kampuni ya reli iliyotaka kuuza tiketi kwa watazamaji. Udhamini wa biashara, kwa hiyo, uliutangulia mpira kwa miaka 17, maana mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli, Rutgers dhidi ya Princeton, ilichezwa mwaka 1869. Kufikia mwisho wa karne ile Yale, Harvard na Princeton zilikuwa zikijaza viwanja, na hakukuwa na chombo cha kuuliza kama mchezaji fulani anasoma kweli chuo anachokichezea.

Mfano unaosema mengi ni wa James Hogan, nahodha wa Yale mwaka 1904. Jarida la McClure's liliandika mwaka uliofuata kwamba Hogan alikuwa na makazi mazuri katika bweni la kifahari, akila bure, akapelekwa kutembea Cuba, na zaidi ya hayo alikuwa na kamisheni ya sigara za American Tobacco Company zilizouzwa mjini New Haven. Mtu anayeshangazwa leo na mchezaji wa Alabama anayetangaza kinywaji angetulia kidogo akikumbuka sigara hizo. Nahodha wa chuo cha mabwana wakubwa alikuwa akilipwa kwa jina lake miaka 117 kabla ya kuruhusiwa kulipwa kwa jina lake.

Kilichoileta NCAA duniani, hata hivyo, kilikuwa vifo. Msimu wa 1905 magazeti yalihesabu wachezaji 18 waliokufa, wakiwemo wa shule za sekondari, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu viongozi wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton. Chama kilichozaliwa na mtikisiko huo kilianza kazi mwaka 1906 na kuchukua jina lake la sasa mwaka 1910. Kanuni zake zilipiga marufuku kumvuta mchezaji kwa fedha, ila kila chuo kiliachiwa kujichunguza chenyewe. Fisi alikabidhiwa bucha. Wakfu wa Carnegie ulipochapisha uchunguzi wake Oktoba 1929, kati ya vyuo 112 vilivyochunguzwa 81 vilikutwa vikiwapa wachezaji malipo au vishawishi vya namna fulani: ajira hewa, mikopo isiyorudishwa, mifuko ya wahitimu matajiri. Nchi ilisoma, ikatikisa kichwa, na mwezi uleule soko la hisa la New York likaporomoka.

Kesi mbili za Colorado, 1948–1957

Kuanzia miaka ya 1930 vyuo viligawanyika. Vya kusini, vikiongozwa na ligi ya SEC mwaka 1935, vilitoa ufadhili wa masomo kwa mchezaji waziwazi kwa sababu anacheza. Vya kaskazini viliita jambo hilo aibu, vikaendelea kuwapatia wachezaji wao vibarua visivyo na kazi. Mwaka 1948 NCAA ilijaribu kupatanisha pande hizo kwa kanuni moja: mchezaji asaidiwe karo kwa kigezo cha uhitaji, na kibarua chake kiwe cha kweli. Adhabu ya kukiuka ilikuwa moja tu, kufukuzwa uanachama. Mwaka 1950 vyuo saba, vikiwemo Maryland, Virginia na Boston College, vilisimama kuhukumiwa mbele ya wenzao. Kura 111 zilitaka vifukuzwe, 93 zilikataa, theluthi mbili hazikutimia, na mwaka uliofuata kanuni ikafutwa. Wengi wa waliopiga kura ya kufukuza hawakuwa wasafi kuliko walioshtakiwa, na kila mtu ukumbini alilijua hilo.

Mwaka huohuo wa 1951 NCAA ilipata mtendaji mkuu wake wa kwanza, Walter Byers, aliyeiongoza hadi 1987. Chini yake ufadhili kamili wa mwanamichezo, yaani karo, chumba, chakula na vitabu, uliruhusiwa kote mwaka 1956. Hapo ndipo swali zito lilipojitokeza. Ukimpa kijana chumba na chakula ili acheze, na ukamnyang'anya akiacha kucheza, umemwajiri au hukumwajiri? Mahakama ya Juu ya Colorado ilikuwa imeshajibu mara moja. Ernest Nemeth aliumia mgongo katika mazoezi ya chuo kikuu cha Denver, na kwa kuwa kibarua chake chuoni kilitegemea kucheza kwake, mwaka 1953 majaji walisema ni mfanyakazi anayestahili fidia. Hukumu hiyo ilivitia vyuo baridi. Miaka miwili baadaye Ray Dennison wa Fort Lewis A&M, naye wa Colorado, alifariki baada ya kugongwa kichwani uwanjani, na mjane wake akadai mafao ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ileile ilimnyima: chuo, ilisema, hakikuwa katika biashara ya mpira.

Katikati ya kesi hizo mbili NCAA ilieneza jina jipya la mchezaji, mwanafunzi-mwanamichezo, na ikaagiza litumike kila mahali badala ya maneno yaliyonukia ajira. Byers mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye, katika kitabu alichochapisha mwaka 1995, kwamba hofu ya fidia ndiyo iliyolizaa; akaongeza kwamba mfumo aliousimamia ulikuwa na fikra za shamba la kitumwa. Ni nadra mjenzi kuikana nyumba yake kwa ukali huo.

Watetezi wa uridhaa, yaani kucheza bila malipo, wana hoja isiyofaa kupuuzwa: ufadhili wa masomo ni malipo, tena makubwa, na kwa kijana maskini shahada inaweza kuzidi thamani ya fedha taslimu. Ni kweli kwa wengi, hasa wale wasiowahi kugusa ligi ya kulipwa. Lakini hoja hiyo inathibitisha jambo ambalo watetezi hao wanalikanusha. Kama ufadhili ni malipo, basi palikuwa na kazi, na kilichobaki ni kuuliza nani alipanga bei. Bei ilipangwa na wanunuzi wote wakiwa wamekaa pamoja, bila muuzaji hata mmoja chumbani. Mwaka 1973 wanunuzi hao waliongeza sharti jingine: ufadhili uwe wa mwaka mmoja mmoja, ili kocha aweze kutouendeleza.

Televisheni na mfuko wa Dallas, 1984–1987

Pigo la kwanza kutoka mahakamani halikumhusu mchezaji hata kidogo. NCAA ilikuwa ikipanga mechi ngapi za kila chuo zionyeshwe kwenye televisheni na kwa bei gani. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vikapinga, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba huo ni ukiritimba. Vyuo vikawa huru kuuza mechi zao, na fedha zikaanza kupanda mlima ambao kilele chake bado hakijaonekana: mwaka 2022 ligi ya Big Ten pekee ilitia saini mikataba ya televisheni ya takriban dola bilioni 7 kwa miaka saba. Fedha hizo hazikuweza kumfikia mchezaji, kwa hiyo zilikwenda kwa kocha, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vilivyopambwa kama hoteli, na kwenye kumlipa kocha aliyefukuzwa. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu ya 1984, aliacha maneno ya heshima kuhusu utamaduni wa uridhaa, na mawakili wa NCAA waliyaegemea kwa miaka 37. Ilikuwa ngao ya maneno ya pembeni.

Chini ya meza mambo yalikuwa yakiiva Dallas. Southern Methodist University, chuo kidogo katikati ya mji wa mafuta, kilishindana na majirani wakubwa wa Texas kwa kutumia wahitimu wake matajiri. Kiliadhibiwa, kikaahidi kujirekebisha, kisha kikaendelea kuwalipa wachezaji waliokuwa wameahidiwa, kwa idhini ya viongozi wa bodi. Wachezaji 13 walipokea jumla ya takriban dola 61,000 kutoka mfuko wa mhisani mmoja. Februari 1987 NCAA ilikifutia msimu mzima, adhabu ambayo mashabiki waliiita hukumu ya kifo, na chuo chenyewe kikaamua kutocheza mwaka 1988 pia. Mwezi uliofuata Gavana wa Texas, Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo kabla ya kurudi madarakani, alikiri kwamba alijua na kukubali malipo yaendelee. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: ahadi zilikuwa zimeshatolewa. Bila kukusudia, gavana alikuwa ametamka kwamba wachezaji wana mikataba, isipokuwa ni mikataba isiyoweza kuandikwa. Adhabu hiyo iliua timu kwa karibu miaka 20 bila kuua soko. Iliwafundisha wengine kuficha vizuri zaidi, na haijawahi kutolewa tena kwa timu kubwa ya futiboli.

Sura ya mchezaji, 2009–2019

Ilipofika miaka ya 2000, NCAA ilikuwa ikiadhibu mambo yaliyoonekana ya ajabu kwa mtu yeyote aliye nje. Mwaka 2010 A. J. Green wa Georgia alifungiwa mechi nne kwa kuuza jezi yake mwenyewe, wakati duka la chuo liliuza nakala za jezi hiyo. Mwaka huohuo Reggie Bush, aliyeshinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 2005 akiwa USC, aliirudisha baada ya chama kuamua kwamba yeye na familia yake walipokea manufaa kutoka kwa mawakala. Alirudishiwa Aprili 2024, kosa lake likiwa limegeuka kuwa jambo la kawaida.

Aliyeupata ufunguo alikuwa mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu, Ed O'Bannon wa UCLA, aliyejiona ndani ya mchezo wa video wa EA Sports: mwili wake, namba yake, mkono wake wa kushoto, bila senti moja. Alishtaki mwaka 2009 kwa sheria ileile ya ukiritimba iliyoivunja televisheni ya NCAA, na mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken wa California akampa ushindi. Rufaa ilipunguza uzito wa nafuu aliyoipata, ila mlango ulikuwa umefunguka: kumbe makubaliano ya vyuo kuhusu bei ya mchezaji yanaweza kupimwa kama makubaliano ya wauza saruji. Wakati huohuo wachezaji wa Northwestern, wakiongozwa na Kain Colter, walijaribu njia nyingine, chama cha wafanyakazi. Agosti 2015 bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi ilikataa kulisikiliza ombi lao, ikisema kuingilia kati hakungesaidia uthabiti wa mahusiano ya kazi.

Vyuo vilishangilia, na hapo vilikosea hesabu. Ligi ya kulipwa ya NFL ina ukomo wa mishahara, ina utaratibu wa kugawana wachezaji chipukizi, ina masharti ya uhamisho, na mahakama haiyagusi kwa urahisi kwa sababu yamejadiliwa na chama cha wachezaji. Sheria ya Marekani huyalinda mapatano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi dhidi ya mashtaka ya ukiritimba. Colter na wenzake walikuwa wamebisha hodi wakiwa na kinga hiyo mkononi. Ilifukuzwa pamoja nao. Septemba 2019 California ikapitisha sheria ya kuwaruhusu wachezaji wa jimbo hilo kuuza majina na sura zao, na majimbo mengine yakaingia mbioni kwa hofu ya kupoteza wachezaji. Kanuni za usajili zikaanza kuandikwa na wabunge wenye timu wanazozishabikia.

Soko bila mizani, 2021–2024

Juni 21, 2021, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua upande wa Shawne Alston, mchezaji wa zamani wa West Virginia. Kesi yenyewe ilihusu manufaa ya kielimu tu, lakini Jaji Brett Kavanaugh aliandika maoni yake ya ziada akisema wazi kwamba NCAA haiko juu ya sheria. NCAA ilisalimu amri haraka, ikaruhusu mikataba ya matangazo kwa mwongozo mfupi mno. Miezi michache kabla, ilikuwa imeshawaruhusu wachezaji kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Mambo hayo mawili yakakutana: mchezaji anayeweza kulipwa, na mchezaji anayeweza kuondoka.

Matajiri waliounda mifuko ya siri enzi za Dallas sasa waliunda vikundi vilivyosajiliwa, vyenye tovuti na akaunti za benki. Matangazo yakawa kisingizio. Kijana alilipwa ili aje, kisha akapigwa picha mbili na duka la vyakula. Mwaka 2022 uliripotiwa mkataba wa takriban dola milioni 8 kwa kijana wa sekondari, uliohusishwa na Nico Iamaleava aliyekwenda Tennessee. Jaden Rashada alisaini Florida kwa ahadi iliyoripotiwa kuwa dola milioni 13.85, fedha hazikuja, akaondoka, na mwaka 2024 akamshtaki kocha Billy Napier na wengine. Nick Saban wa Alabama alisema Mei 2022 kwamba Texas A&M ilinunua kila mchezaji wake, naye Jimbo Fisher, kocha wa Texas A&M, akamjibu kwa hasira iliyoburudisha taifa. Mwaka mmoja na nusu baadaye Fisher alifukuzwa na kulipwa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Hakuna mchezaji wa chuo aliyewahi kulipwa kiasi hicho afanye kazi.

NCAA ilipotaka kuichunguza Tennessee, Wanasheria Wakuu wa majimbo ya Tennessee na Virginia waliishtaki, na Februari 2024 jaji wa shirikisho akaizuia kutekeleza marufuku ya kutumia fedha za matangazo katika usajili. Hapo ndipo hoja ya kwamba mahakama imevuruga mchezo inapopata nguvu yake yote, kwani ni kweli kanuni zilianguka moja baada ya nyingine. Zilianguka kwa sababu ileile, kila mara: zilikuwa mapatano ya wanunuzi peke yao.

Pingamizi la pili ni la usawa wa ushindani, kwamba fedha zitawapa wakubwa kila kitu. Wakubwa walikuwa na kila kitu tangu zamani. Alabama ya Saban ilitwaa mataji sita kati ya 2009 na 2020, enzi ambayo rasmi hakuna aliyelipwa. Oktoba 2024 Vanderbilt, mnyonge wa kudumu wa SEC, iliifunga Alabama iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza, 40 kwa 35, ikiongozwa na Diego Pavia aliyehamia kutoka New Mexico State. Mechi moja haithibitishi kanuni, lakini inatosha kumfanya mtu asite kabla ya kuwalilia wanyonge kwa niaba yao.

Kugawana bila kuajiri, tangu 2025

Juni 6, 2025, Jaji Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi iliyofunguliwa na muogeleaji Grant House wa Arizona State. Wachezaji wa miaka ya nyuma watalipwa takriban dola bilioni 2.8 ndani ya miaka 10, sehemu kubwa ikienda kwa wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume. Kuanzia Julai 1, 2025, kila chuo kiliruhusiwa kuwagawia wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na mikataba ya matangazo ya dola 600 au zaidi inapitishwa kwenye chombo kipya kinachopima kama bei inalingana na soko. Ukomo huo unafanana na ule wa NFL kwa kila kitu isipokuwa kimoja: hakuna chama cha wachezaji kilichoujadili. Kesi za kuupinga hazihitaji hoja mpya. Zinaweza kunakili za O'Bannon.

Njia ya ajira ina miiba yake, na anayeipendekeza hana budi kuikiri. Vyuo vingi vikubwa ni vya umma, na baadhi ya majimbo ya kusini hayawaruhusu watumishi wa umma kujadiliana kwa pamoja kuhusu mishahara. Sheria ya usawa wa jinsia inaacha swali la wanamichezo wanawake, ambao mpira umekuwa ukigharamia timu zao. Kisha kuna wageni: vijana wa Kenya wanaokimbia mbio ndefu kwenye vyuo hivyo wako Marekani kwa viza ya mwanafunzi inayobana sana kazi za malipo, na tayari mikataba ya matangazo ambayo wenzao wanaisaini bila wasiwasi inawatia wao hatarini. Kuwaita waajiriwa bila kurekebisha sheria ya uhamiaji kungewaumiza wale wasio na hisa katika ugomvi huu.

Hayo yote ni mambo ya kujadiliwa, na mjadala unahitaji upande wa pili wenye uwakilishi. Vyuo vimechagua kwenda Washington. Muswada uliowasilishwa katika Baraza la Wawakilishi Julai 2025, unaojulikana kama SCORE Act, ungevipa kinga dhidi ya mashtaka ya ukiritimba na kuandika katika sheria ya nchi kwamba mchezaji si mwajiriwa. Ni kilekile ambacho Mahakama ya Juu ya Colorado ilimwambia mjane wa Dennison mwaka 1957, isipokuwa sasa waombaji wanakipeleka mezani wakiwa na mikataba ya televisheni ya mabilioni, na ni vigumu zaidi kumshawishi yeyote kwamba hawako katika biashara ya mpira.